Mfuko uko na namba, mtu hana



Wiki mbili zilizopita mkubwa mmoja wa chama chetu alitutumia mada moja ya kusikiliza, karibu saa nzima, juu ya usalama katika kazi nzito: migodi, viwanda vya simenti, mabwawa ya umeme. Mtoa mada alikuwa mtu wa mbali, anajua anachosema, sina dharau naye. Alionyesha kaske zinazopiga kelele zenyewe hewa ikichafuka, droni zinazoruka juu ya mlima na kupima nyufa, saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo wa mfanyakazi. Vizuri kabisa. Halafu mwishoni akasema neno ambalo wengi wetu tulilipigia makofi: kwamba watu wa mashariki ya Kongo ni mfano wa rezilyansi kwa dunia nzima. Volkano inatoka, vita inakuja, mgodi unaporomoka, na kesho yake wako kazini.

Mimi sikupiga makofi. Nilizima simu, nikabaki nimekaa. Kwetu ni Keshero, na barabara ya Sake haiko mbali. Kila asubuhi tunaona magari na pikipiki zinazotoka upande wa Masisi na matope ya kule bado kwenye matairi. Matope yale nayajua. Nilifanya staji yangu ya agronomia juu yake. Njo maana leo naomba niseme tofauti na mtoa mada, na kidogo tofauti na sisi wenyewe tuliopiga makofi.

Tarehe 28 Januari 2026, mlima uliteleza Rubaya. Msemaji wa gavana aliyewekwa na AFC/M23, ambao wanashika eneo lile tangu 2024, alisema waliokufa wanapita 200: wachimbaji, watoto, na akina mama waliokuwa wanauza vitu pale. Rubaya si shimo la pembeni. Iko karibu kilomita 60 kutoka hapa Goma, na makadirio yanayotajwa sana yanasema karibu 15% ya koltani yote ya dunia inatoka katika vilima vile. Koltani inatoa tantali, tantali inaingia kwenye simu, na simu njo hii unasomea maneno haya. Basi tukisema "kazi nzito", tusitafute mbali. Kiwanda kizito cha kwetu ni mlima na watu wenye beshi. Hauna geti wala king'ora, lakini sehemu ya viwanda vya dunia inasimama juu yake.

Sasa swali langu. Kuna watu wanasema Rubaya kulikosekana teknolojia. Si kweli. Teknolojia ilifika zamani. Ilifungwa tu mahali pengine.

Mtoto wa baba yangu mdogo alichimba miaka miwili Masisi. Shimo lake sitalitaja, wala mwenye shimo, juu watu wale bado wako na wanaishi kule. Aliporudi Keshero, siku moja tumekaa nje tunangoja umeme, nikamuuliza kazi yao ilikuwa inapangwaje. Akanieleza vizuri kama mwalimu. Mchanga unatoka, unaoshwa, unatiwa mfukoni. Mfuko unapimwa. Ajenti anafunga etiketi ya plastiki yenye namba, anaandika namba na kilo katika kaye. Mfuko unashuka kwa negosia, unapimwa tena, unapata etiketi ya pili, na unaandikwa katika kaye ya pili. Mpaka kontuari, kila kilo inajulikana imetoka wapi na imepita kwa nani.

Nikamuuliza: na ninyi, mkiingia ndani, nani anaandika?

Akacheka. "Yaya, mufuko iko na namba. Miye siko na namba."

Halafu akaacha kucheka. Akanieleza asubuhi moja shimo la jirani lilifunga. Hakuna aliyejua ndani mlikuwa na watu wangapi. Walihesabu majaketi yaliyotundikwa nje kwenye miti, wakakuta kumi na moja, wakachimba wakitafuta watu kumi na mmoja. Walipata tisa. Wawili wengine walionekana jioni, wazima: walikuwa wameshuka sokoni asubuhi na kuacha majaketi yao pale. Na kuna mmoja ambaye hakuwa na jaketi. Huyo alikuja kuulizwa na mke wake baada ya siku mbili.

Ndugu zangu, hayo si maneno ya kutafuta machozi. Ni ripoti ya mfumo. Mfumo ambao unaweza kusema mfuko wa kilo hamsini ulilala wapi usiku wa Jumanne, lakini hauwezi kusema nani alikuwa chini ya ardhi saa tatu asubuhi, ni mfumo uliochagua kitu cha kuangalia. Mtoa mada wetu anafikiri teknolojia ni ngazi moja: wengine wako juu, sisi tuko chini, tutapanda polepole. Mimi naona kila kifaa kina mahali kinapotazama, na mtu aliyekilipia ndiye anayekielekeza.

Nisiwe mtu wa kutukana bila kupima. Huu mpango wa etiketi tuuchambue kwa haki. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kiliagiza kampuni zinazouza hisa kule zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zake. Mwaka uleule Rais Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 mpaka Machi 2011. Watu wa umri wangu tulikuwa bado watoto, lakini wengi tunakumbuka mwaka ule ada ya shule ilivyokosekana kwa familia za wachimbaji. Katika hali hiyo wenye viwanda vya bati na tantali walileta mpango unaoitwa iTSCi, wa kufunga etiketi mifukoni. Lengo lilikuwa moja: mnunuzi wa mbali ajue kwamba madini yake hayajalisha bunduki.

Lengo hilo si baya. Mpango ule ulirudisha soko pale lilipokuwa limefungwa, na kwa mchimbaji soko ni chakula. Wapo waliokosoa kwamba hata kazi yake yenyewe haukuifanya sawasawa: mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ikisema madini ya magendo yalikuwa yanasafishwa kwa etiketi hizohizo. Mabishano hayo siyaingilii leo. Hoja yangu ni ya kabla ya hapo. Hata kama kila etiketi ingekuwa ya kweli, hata kama hakuna kilo moja ya magendo, kile kilima kingeteleza vilevile. Etiketi inaeleza historia ya mfuko. Juu ya mteremko haisemi kitu.

Na serikali yetu nayo ilitazama upande uleule. Novemba 2018 koltani ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, pamoja na kobalti na germaniamu, na mrabaha wake ukapandishwa mpaka 10%. Madini yakawa ya kimkakati. Mtu anayeyatoa akabaki mchimbaji tu.

Hapa najua mtu atauliza: wewe agronomu uko na usemi gani juu ya migodi? Nenda kaangalie maharagwe yako. Sawa. Lakini mlima wa maharagwe na mlima wa koltani ni mlima mmoja. Masisi mashamba na mashimo yanapakana, na mvua inayonyesha huku ndiyo inayonyesha kule. Kitu cha kwanza tulichofundishwa shambani ni hiki: udongo kwenye mteremko unasimama kwa sababu chembe zake zinashikana na kusuguana. Maji yakiingia yanafanya mabaya mawili mara moja. Yanaongeza uzito, na yanazisukuma chembe ziachane. Udongo unakuwa mzito zaidi na mlegevu zaidi saa ileile.

Ongeza sasa kazi ya mchimbaji. Koltani ya kule iko katika mwamba uliooza, umegeuka udongo mweupe laini ambao beshi inaingia bila shida. Huo ulaini ndio unaowafanya vijana wachimbe kwa mkono, na ndio unaowaua. Wanakata chini ya mteremko, maana yake wanauondolea miguu. Uchafu wanaotoa wanaumwaga juu, karibu na ukingo, maana yake wanautwika mzigo kichwani. Maji ya kuoshea wanayaelekeza popote, yanaingia kwenye nyufa. Ukikata mtu miguu, ukamtwika gunia, ukamnywesha maji mpaka alegee, huhitaji droni kujua atafanya nini.

Na mlima hauanguki bila kusema. Kwanza ufa mwembamba unafunguka juu, sawa na mdomo. Miti inaanza kuinama pamoja upande mmoja. Chemchemi inatokea pale ambapo haikuwepo jana, au ile ya zamani inatoa maji ya matope. Mkulima mzee wa Masisi anazijua dalili hizi zote bila diploma. Nilizisikia kwa wazee kabla sijazisoma kwenye silabasi.

Basi vifaa vinavyohitajika ni vipi? Niviorodheshe, muone kama kuna kimoja kinachoshinda uwezo wetu. Mfereji wa kukata maji juu ya sehemu ya kuchimba, kama ule tunaochimba juu ya shamba. Kuchimba kwa kushuka daraja kwa daraja kutoka juu, badala ya kutoboa chini. Uchafu umwagwe mbali na ukingo. Vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, na mtu wa kupima kwa mita ya fundi kila asubuhi na kila jioni: vikiachana, watu wasiingie. Chupa ya plastiki iliyokatwa, yenye alama za kalamu, ya kupima mvua ya usiku. Kaye moja mlangoni ya kuandika nani ameingia na nani ametoka. Filimbi moja, na mtu mmoja asiyechimba, ambaye kazi yake ni kutazama juu tu. Ukijumlisha bei ya vyote hivyo, sidhani kama itafika bei ya simu hii yako. Najua havizuii kila kitu. Lakini kaye ile peke yake ingemtoa yule mtu asiyekuwa na jaketi katika idadi ya waliosahauliwa.

Sasa turudi kwa mtoa mada na droni zake. Alitoa mfano wa Chile, na mfano ule ni mzuri kuliko alivyojua mwenyewe. Agosti 2010 mgodi wa San José, karibu na Copiapó, ulifunga watu 33 chini ya ardhi, karibu mita 700. Walipatikana wazima baada ya siku 17, na siku ya 69 walitolewa mmoja mmoja katika chombo cha chuma kilichopewa jina Fénix. Dunia nzima ilitazama kwenye televisheni. Teknolojia ilisifiwa, na uvumilivu wa wale watu ukasifiwa. Lakini kuna jambo dogo ambalo mada haikulitaja. Baada ya mwamba kuanguka, wale watu walijaribu kwanza kutoka kwa njia ya hewa. Njia ilikuwepo. Ilichokosa ni ngazi ya kupandia mpaka juu, ngazi ambayo ilipaswa kuwa pale. Walipopanda sehemu yenye ngazi, ikawaishia. Basi ikabidi dunia itumie mamilioni ya dola, mashine kubwa za kutoboa na wataalamu wa mabara kadhaa, kufanya kazi ambayo ngazi ya chuma ingeifanya siku ya kwanza.

Mimi nikisikia neno rezilyansi sasa, nauliza kwanza: ngazi iko wapi?

Mtu asifikiri nasema vifaa vikubwa ni bure. Hapana. Tuangalie Lualaba, nchi yetu hii hii, mwaka mmoja huohuo wa 2025. Mwezi wa tano, mitetemo ilitikisa mgodi wa shaba wa Kakula karibu na Kolwezi, mgodi wa kisasa kabisa, wenye mashine za gharama. Kampuni ilisimamisha kazi ya chini na kutoa watu. Maji yakajaa ndani, makadirio ya uzalishaji wa mwaka yakashuka, hasara ikawa kubwa. Hakuna mtu aliyekufa. Mwezi wa kumi na moja, tarehe 15, katika mkoa uleule, kwenye machimbo ya Kalando huko Mulondo, watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua na hatari ya kuporomoka. Waliingia kwa nguvu. Kulikuwa na daraja la kubahatisha juu ya mtaro uliojaa maji. SAEMAPE, huduma ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, ilisema askari walipiga risasi, watu wakaogopa, wakakimbilia daraja, likavunjika. Walikufa walau 32.

Mtoa mada angesema tofauti ni vifaa, na kuna ukweli ndani yake. Lakini tuangalie kitu kimoja zaidi. Mahali pote pawili hatari ilijulikana mapema. Kakula ilijulikana, Kalando ilijulikana mpaka pakafungwa. Tofauti kubwa ni hii: Kakula kazi iliposimama, hasara ilikwenda kwenye hesabu ya kampuni. Kalando kazi iliposimama, hasara ilikwenda kwenye sufuria ya mchimbaji. Amri ya kutoka ni rahisi kutii kama mtu mwingine analipa siku ile. Kama unalipa wewe, na mtoto amefukuzwa shule jana, utavuka lile daraja. Mimi pia ningevuka. Tusijifanye.

Hapo njo penye moyo wa jambo lote, na hapo njo mada ile ilipotuangusha. Ilizungumza usalama kama kitu cha kuvaa kichwani. Usalama ni pia swali la nani anabeba siku ya mvua. Mwaka 2020, tarehe 11 Septemba, Kamituga kule Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na watu wapatao 50 wakafa. Mvua ile haikuwa siri, kila mtu pale aliona mawingu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: leo hatuingii, na chakula cha leo kiko.

Mtajibu: sheria iko. Ndiyo, iko. Sheria yetu ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inamtaka mchimbaji mdogo awe katika kooperativi, awe na kadi, achimbe katika eneo lililotengwa. Kanuni zinakataza kuchimba kwenda chini zaidi ya mita 30. Muulize mchimbaji yeyote aliyerudi Goma kama aliwahi kuona mtu anashuka shimoni na mita ya kupima kina. Mizani ataikumbuka. Mizani haikosekani kamwe. Mita ndiyo inayokosekana. Ajenti yuleyule anaweza kuwa mkali kwa nusu kilo na asijue shimo limefika mita ngapi, na simlaumu peke yake: anaulizwa ripoti ya kilo, haulizwi ripoti ya kina.

Na sasa jaribio la mwisho la rezilyansi. Baada ya Rubaya kubadilisha mikono mwaka 2024, iTSCi ilisimamisha kazi zake Masisi. Inaeleweka, lengo lake lilikuwa kuhakikisha madini hayana bunduki, na bunduki zilikuwepo. Lakini tazameni kilichobaki. Etiketi zikaondoka na kaye zikaondoka. Kama miaka ile yote sehemu ndogo ya nguvu hiyo ingekwenda kwenye mifereji, madaraja ya udongo, na vijana kumi waliofundishwa kupima ufa, ni nini kingeondoka? Mfereji hauhami vita ikija. Kijana aliyejua dalili za mlima haulizi nani anatawala kabla ya kupiga filimbi. Kwangu mimi teknolojia yenye rezilyansi ni ile inayobaki kazini mfadhili akiisha kwenda. Kwa kipimo hicho, beshi na mfereji vinashinda kaske yenye betri, mpaka siku tutakapokuwa na mahali pa kuchaji hiyo betri.

Sisi watu wa Goma tulipaswa kujua hilo. Nyiragongo ilipotoka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu hawakupata tahadhari ya mapema. Miezi mingi kabla, ufadhili wa kituo chetu cha kuangalia volkano ulikuwa umesimama, mpaka wakati fulani kikakosa hata intaneti ya kupokea habari za vipimo. Mashine kule juu bila mtu wa kusoma namba ni chuma tu. Tulibeba magodoro, tukarudi, tukajenga juu ya mawe. Halafu tukaitwa wa rezilyansi.

Mimi silikatai neno lenyewe. Mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kuchukua makala ili auze Keshero asubuhi ana nguvu ambayo sina jina lake. Kijana wa chukudu anayeshuka na mzigo wa magunia, breki yake kipande cha tairi, anastahili heshima. Ninachokataa ni kusifiwa kwa kitu ambacho kilipaswa kuondolewa. Ukimsifu mtu kwa kupanda bila ngazi, polepole unasahau kwamba ngazi ilipaswa kuwepo. Na mwenye kupaswa kuiweka anapiga makofi kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu sifa ni rahisi kuliko chuma.

Basi nini tufanye, sisi wenye lisansi na hatuna kazi? Naleta mambo mawili tu, ya ukubwa wetu.

La kwanza: pale etiketi zitakaporudi, au mpango mwingine wowote wa kufuata madini, na utarudi kwa sababu dunia inataka tantali, tuseme kwa sauti moja kwamba kaye ya mfuko iambatane na kaye ya mtu. Mfuko usipate namba kama shimo lililoutoa halina orodha ya walioingia, kina kilichopimwa, na mvua ya usiku iliyoandikwa. Na kwa kuwa kila kilo inahesabiwa, sehemu ndogo ya bei ya kila kilo iwekwe pembeni, ya kulipa siku ambazo filimbi imepigwa. Mfumo wa kuhesabu uko tayari, walishatuonyesha kwamba inawezekana. Wanunuzi waliweza kulipia usafi wa mfuko. Walipie na siku ya mvua.

La pili: tuko hapa wanajiolojia, tuko wanagronomia, tuko watu wa mazingira, tuko na wale waliosoma maendeleo ya vijijini ambao tunawachekaga. Tuandike karatasi moja, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kwetu chenye michoro, juu ya dalili tano za mlima unaotaka kuteleza na namna ya kupima ufa kwa vijiti viwili. Isiwe na nembo wala picha ya mtu anakata utepe. Tuipe wale wanaopanda pikipiki asubuhi kuelekea Masisi. Wengi wao ni wadogo zetu, tulikaa nao dawati moja.

Nilimsomea mtoto wa baba mdogo maneno haya kabla ya kuyaweka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na ule mwenye hakukuwa na jaketi, utaandika jina yake?"

Nikamwambia hapana, sina ruhusa ya mke wake. Akasema sawa. Kisha akanitajia lile jina mara mbili, taratibu, nisije nikalisahau.

Mwenye kuona tofauti aandike, tutapingana kwa heshima.